Aya Iliyokatwa Katikati: Ukweli na Uzushi kuhusu Uhuru wa Mkristo

Ukutani katika ukumbi wa jengo la kwanza la CIA, shirika la ujasusi la Marekani, huko Langley, Virginia, pamechongwa maneno ya Yesu kutoka Injili ya Yohana 8:32, yale yanayoahidi kwamba kweli ndiyo itakayowapa watu uhuru. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kimeyafanya kaulimbiu yake kwa Kilatini, na Chuo Kikuu cha Freiburg kimeyaandika kwa Kijerumani kwenye ukuta wa jengo lake. Huku kwetu wanasiasa huyatamka jukwaani, mawakili huyapamba nayo hoja zao, na majirani wanaogombana huyatupiana uani.

Wote hao huanzia katikati ya maneno. Aya iliyotangulia, ya 31, ina sharti: Yesu anawaambia Wayahudi waliokuwa wamemwamini kwamba wakidumu katika neno lake, hapo ndipo watakuwa wanafunzi wake halisi. Kuijua kweli na kuwekwa huru kunafuata baada ya huko kudumu. Ukiliondoa sharti, unabaki na msemo mtamu ambao jasusi, profesa na mgombea ubunge wanaweza kuuvaa bila kubadilika hata kidogo. Kwa maoni yangu, makosa mengi tunayoyasikia kuhusu kweli na uhuru, ndani ya makanisa na nje yake, yametokana na ukataji huo. Nimeyakusanya yale yanayorudiwa sana ili tuyapime.

“Aya ile inasifu elimu: ukijua mambo unakuwa huru.” Si kweli.

Mazungumzo yenyewe yalifanyika Yerusalemu, hekaluni, wakati wa Sikukuu ya Vibanda. Wasikilizaji walichukizwa na neno “huru”. Wakajibu kwamba wao ni uzao wa Ibrahimu na hawajapata kuwa watumwa wa mtu yeyote. Ni jibu la ajabu kwa taifa lililotoka Misri, likapelekwa uhamishoni Babeli, na ambalo siku hiyohiyo lilikuwa chini ya askari wa Roma. Yesu hakuwasahihisha historia yao. Alisema kwamba kila atendaye dhambi ni mtumwa wa dhambi, kwamba mtumwa hana makao ya kudumu nyumbani lakini mwana anayo, na kwamba huyo mwana akimfungua mtu, amefunguka kikweli.

Utumwa anaouzungumzia hapo hautibiwi kwa taarifa. Tarehe 20 Januari 1942 maofisa 15 wa serikali ya Hitler walikutana katika jumba la Wannsee, Berlin, kupanga namna ya kuwaangamiza Wayahudi wa Ulaya. Wanane kati yao walikuwa na shahada ya udaktari. Walijua sheria, walijua takwimu, walijua ratiba za reli.

Katika Injili hiyohiyo, sura ya 14, Yesu anajitaja mwenyewe kuwa ndiye kweli. Kwa Mkristo, basi, kweli ina uso na ina jina, na kuijua ni kuishi na mwenye jina hilo kama mwanafunzi anavyoishi na mwalimu wake. Shule ni jambo jema, na makanisa yamejenga nyingi Afrika Mashariki. Ila mtoto anaweza kufaulu masomo yote na bado asiwe huru kwa maana ya Yohana 8.

“Mtu huru ni yule anayefanya atakalo.” Si kweli.

Hili ndilo dai lenye nguvu kuliko yote, kwa sababu linauzwa kwetu mchana na usiku kila tunapoishika simu. Aliyelijibu vizuri kuliko wengine, kwa maoni yangu, ni Mwafrika: Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras, Algeria.

Agostino alikuwa mwalimu wa ufasaha aliyepanda vyeo hadi Milano, mji wa kaisari. Alikuwa na wanafunzi, marafiki, mwanamke na matumaini ya cheo kikubwa zaidi. Katika kitabu chake cha Maungamo anaeleza kwamba ilifika siku akili yake ikakubali kwamba Ukristo ni kweli, lakini hakuweza kusogea. Alijua, na akabaki palepale. Anasimulia jinsi tamaa iliyoendekezwa ilivyozaa mazoea, na mazoea yasiyopingwa yakageuka kuwa lazima, hadi akajiona amefungwa kwa mnyororo alioufua yeye mwenyewe, pete baada ya pete. Hakuna aliyemlazimisha. Kila pete aliichagua. Mabadiliko yalimjia mwaka 386 katika bustani moja huko Milano, na mwaka uliofuata akabatizwa na Askofu Ambrosi.

Kutokana na hayo Agostino alitenganisha vitu viwili tunavyovichanganya. Kimoja ni uwezo wa kuchagua, ambao kila mtu anao. Kingine ni uhuru wenyewe, yaani nguvu ya kutenda jema bila kuzuiwa na matamanio yako. Cha kwanza unaweza kuwa nacho tele huku cha pili kimekwisha kabisa. Mtazame kijana anayebeti kwenye simu saa nane za usiku. Hana mzazi juu yake, hana bosi wala polisi. Kila anapobonyeza ni hiari yake. Mwulize asubuhi kama anataka kuendelea, naye atakuambia anataka kuacha tangu mwaka juzi. Mtume Paulo aliieleza hali hiyohiyo katika Warumi sura ya 7: jema analolitaka halitendi, na baya asilolitaka ndilo analolitenda. Mtu wa namna hii anafanya “atakalo” kila siku, na si huru.

Mpiga udi wa taarabu anayeipita mikondo yote ya wimbo bila kuangalia vidole vyake ameupata uhuru huo kwa miaka mingi ya kumtii mwalimu na ala. Aliyeikamata udi jana ana hiari ya kugusa uzi wowote anaoutaka, lakini wimbo hautoki. Ndiyo maana Injili ya Yohana inataja uanafunzi kwanza, kisha uhuru.

Msomaji makini ataona hatari hapa, na hofu yake ni halali. Watawala wa kila zama wamependa kuwaambia raia kwamba uhuru wa kweli ni utii, na wachungaji wengine wamewaambia hivyo waumini wao. Lakini Paulo, anapowaandikia Wagalatia kwamba wameitwa wawe huru, anaendelea kusema wasiufanye uhuru huo kuwa nafasi ya kuutosheleza mwili, bali watumikiane kwa upendo. Kutumikiana kuna pande mbili, na askofu naye yumo. Martin Luther alilishika jambo hili katika kijitabu chake cha mwaka 1520 kuhusu uhuru wa Mkristo: kwa imani Mkristo hana bwana juu yake, na kwa upendo anajifanya mtumishi wa kila mtu. Anayekudai utii huku yeye hakutumikii kwa lolote hajasoma mafundisho hayo, au ameyasoma akayaficha.

“Ukristo ulikomesha utumwa.” Nusu kweli.

Nusu iliyo kweli tunaipenda, na tunaijua. Nusu nyingine lazima isemwe, kwa sababu makala inayohusu kweli haiwezi kuanza kwa kuificha.

Mwaka 1452 Papa Nikolasi V, katika hati yake inayoitwa Dum Diversas, alimruhusu mfalme wa Ureno kuwashinda Waislamu na wapagani na kuwatia utumwani daima. Mwaka 1537 Papa Paulo III aliandika kwamba wenyeji wa Amerika wasinyang’anywe uhuru wala mali zao, hata kama wako nje ya imani. Biashara ikaendelea. Shirika la Kianglikana la kueneza Injili lilirithi mashamba ya Codrington, Barbados, mwaka 1710, na watumwa wake walichomwa chuma kifuani kwa alama ya jina la shirika hilo. Papa Gregori XVI alipoilaani waziwazi biashara ya watumwa, ilikuwa tayari 1839.

Na kuna kitabu kimoja ambacho kila Mkristo angepaswa kujua kwamba kilipata kuwapo. Mwaka 1807, huko London, ilichapwa Biblia ya pekee kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Uingereza. Sehemu kubwa sana ya Agano la Kale iliondolewa, na karibu nusu ya Agano Jipya. Habari za Musa kuwatoa Waisraeli Misri hazimo. Maneno ya Paulo kwa Wagalatia kwamba katika Kristo hakuna mtumwa wala mtu huru hayamo. Amri ya watumwa kuwatii mabwana zao imo. Waliokikata kitabu kile walijua vema nini kingetokea kama watumwa wangekisoma kizima.

Wakakisoma kizima hata hivyo. Samuel Sharpe, mtumwa na shemasi wa Kibaptisti huko Jamaika, aliongoza mgomo wa watumwa baada ya Krismasi ya 1831, mgomo uliogeuka kuwa uasi mkubwa. Alinyongwa Mei 1832. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mengi. Tunapomtaja mbunge William Wilberforce na tusimtaje Sharpe, tunawaachia wenye meza sifa ya watu waliolipa kwa shingo zao.

Pwani yetu nayo ina hesabu yake. Juni 1873, chini ya shinikizo la manowari za Uingereza, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Krismasi ya mwaka huohuo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana palepale penye soko, Mkunazini, na Askofu Edward Steere akasimamia ujenzi wake. Bagamoyo, mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefika tangu 1868, wakakomboa watoto kwa fedha na kuanzisha kijiji cha waliokombolewa. Kituo cha Freretown, Mombasa, kikafuata miaka ya 1870. Hayo ni matendo makubwa, na yaliokoa maisha.

Lakini waliokombolewa hawakuachiwa waende watakako. Freretown kulikuwa na kengele ya kuamka, kengele ya kazi na kengele ya sala, na malalamiko ya adhabu kali yaliwafikia wakubwa wa serikali. Watoto walipewa majina mapya na ratiba mpya. Na watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, wale walioitwa watoro, walipokimbilia misheni, wamisionari waliagizwa wasiwahifadhi ili wasigombane na wenye mali. Aliyewapokea kwa wingi katika kituo cha misheni cha Rabai alikuwa William Jones, Mwafrika ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, akasomeshwa India na kupewa daraja takatifu mwaka 1885. Kufikia 1888 watoro katika vituo vya misheni vya jirani na Mombasa walizidi elfu moja. Ikabidi kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala eneo hilo iwalipe mabwana zao, na mwanzoni mwa 1889 watoro wakapewa hati za uhuru. Waliianza safari ya uhuru kwa miguu yao wenyewe, hati zikawafuata.

Utumwa kama hali inayotambuliwa na sheria uliendelea Unguja na Pemba hadi 1897, pwani ya Kenya hadi 1907, na Tanganyika hadi 1922, ingawa Wajerumani Wakristo walikuwa wameitawala nchi hiyo kwa zaidi ya miaka 25. Hukumu yangu ni kwamba Injili iliubomoa utumwa pale ilipodumiwa yote, na iliutumikia pale ilipokatwa.

“Mkristo akijua jambo, sharti alitaje.” Si kweli.

Kuna waumini wanaojisifu kwamba wao hawafichi kitu. Mwenzao akianguka, habari inafika kwenye kikundi cha WhatsApp cha jumuiya kabla ya kumfikia mchungaji, nao wakiulizwa hujibu kwamba walichosema ni kweli tupu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa 1992, inaihesabu tabia hiyo kuwa dhambi: kufichua kosa la mtu, hata kama kosa ni la kweli, kwa watu wasiolijua na bila sababu ya haki, ni kumwibia jina lake. Inafundisha pia kwamba haki ya kuambiwa kweli ina mipaka, na kwamba usalama wa wengine na siri halali za mtu huweza kudai kunyamaza. Paulo alipowahimiza Waefeso waishike kweli, aliifunga kwa upendo papo hapo.

Swali gumu ni la yule anayedanganya ili kuokoa. Agostino aliandika vitabu viwili kuhusu uongo, na msimamo wake haukutikisika: usidanganye hata kama uhai wa mtu uko hatarini. Tomaso wa Akwino alikubali kwamba unaweza kuificha kweli kwa busara, ila si kusema uongo. Upande wa pili yupo Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyefungwa na Wanazi. Akiwa katika gereza la Tegel, Berlin, aliandika kuhusu mtoto anayeulizwa na mwalimu mbele ya darasa zima kama ni kweli kwamba baba yake hurudi nyumbani amelewa. Ni kweli, na mtoto anakana. Bonhoeffer anasema mwalimu ndiye aliyekosa, kwa kuingilia siri ya nyumba isiyo yake, na kwamba katika kukana kwa mtoto mna kweli nyingi kuliko kama angeufichua udhaifu wa baba yake mbele ya darasa. Alinyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945.

Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, swali hili halikuwa la darasani. Wako waliowaficha majirani juu ya dari na chini ya vitanda, wakawaambia wanamgambo wa interahamwe waliosimama mlangoni kwamba ndani hamna mtu. Nawaheshimu sana Agostino na Tomaso, lakini hapa siwezi kuwafuata. Kitabu cha Kutoka, sura ya kwanza, kinawataja wakunga Shifra na Pua waliomdanganya Farao ili kuwaokoa watoto wachanga wa Kiebrania, na kinasema Mungu aliwatendea mema. Muuaji anayeuliza alipo mtu hatafuti kweli.

“Aliye na kweli ana haki ya kuwalazimisha waliopotea.” Si kweli.

Makanisa yaliamini hivi kwa karne nyingi, na yakatenda. Mwanzo haikuwa hivyo. Mnamo mwaka 212 hivi, Tertuliano wa Karthago, Mwafrika mwingine wa kaskazini, alimwandikia gavana Skapula kwamba kuilazimisha dini si kazi ya dini. Wakati huo Wakristo ndio waliokuwa wakipigwa. Makaisari walipobatizwa, hoja ikasahaulika: mwaka 385, mjini Trier, Askofu Prisiliano aliuawa kwa hukumu ya mtawala Mkristo baada ya kushtakiwa na maaskofu wenzake, ingawa Martino wa Tours alisihi asiuawe. Agostino mwenyewe, ambaye mwanzo alipinga, baadaye alikubali serikali itumie nguvu dhidi ya Wadonato, Wakristo wa Afrika Kaskazini waliojitenga na Kanisa. Ni doa katika kazi yake, nami siwezi kumsifu kwa yale ya juu nikanyamazia hili.

Sauti ya kwanza ilirudi polepole. Mwaka 1612 Thomas Helwys, Mbaptisti wa Uingereza, alichapa kitabu akidai kwamba mfalme hana mamlaka juu ya roho za raia, wawe wazushi, Waislamu au Wayahudi. Alifia gerezani. Kanisa Katoliki lilifikia tamko rasmi tarehe 7 Desemba 1965, maaskofu wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walipopitisha tamko la uhuru wa dini kwa kura 2,308 dhidi ya 70. Linafundisha kwamba kweli huingia moyoni kwa nguvu yake yenyewe. Hapo ndipo sharti la Yohana 8:31 linapoonekana tena, maana mtu anaweza kuburutwa hadi kisimani abatizwe, lakini hakuna mjeledi unaoweza kumfanya adumu katika neno.

“Dhamiri yangu ikiridhika, jambo ni halali.” Nusu kweli.

Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba kutenda kinyume cha dhamiri ni dhambi, hata pale dhamiri inapokosea. Papo hapo alifundisha kwamba mtu aliyekataa kujifunza alichopaswa kukijua hana pa kujificha. Dhamiri inafunga, na inalelewa. Zaidi ya hapo hapana haja ya kurefusha.

“Uhuru wa Kikristo ni wa moyoni tu, haki na siasa si habari zake.” Si kweli.

Yesu alipopewa kitabu cha nabii Isaya katika sinagogi la Nazareti, kwa mujibu wa Luka 4, alisoma habari za maskini kuletewa habari njema, waliotekwa kufunguliwa na walioonewa kuachiwa. Anayetaka kuyageuza maneno hayo yote yawe mafumbo ya rohoni ana kazi kubwa. Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki aliyehudhuria misa kwa uaminifu, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970 kwamba Kanisa lisiposhiriki kupinga mifumo inayowaweka watu katika umaskini na unyonge, litakuwa halina maana kwa binadamu. Aliwaambia wenyewe usoni.

Uganda ilionyesha bei yake. Februari 1977 wanajeshi wa Idi Amin walivamia usiku nyumba ya Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana, wakidai kutafuta silaha. Hawakupata kitu. Yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Amin barua wakilalamikia mauaji na uonevu wa vyombo vya usalama. Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa Kampala, kwenye hoteli ya Nile Mansions. Luwum alizuiwa, na hakurudi. Kesho yake serikali ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Waliouona mwili wake waliona matundu ya risasi. Huyo ni mtu aliyekuwa huru moyoni, na kwa sababu hiyohiyo hakuweza kunyamaza kuhusu waliofungwa mwilini.

“Mtumishi wa Mungu anaijua kweli kwa niaba yangu.” Si kweli.

Nimeliacha hili la mwisho kwa sababu linaua watu sasa, karibu nasi. Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi lililojiita la kurudisha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi ya watu walioambiwa wafunge kula ili wakutane na Yesu. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na kwamba baadhi, watoto wakiwamo, walinyongwa au kuzibwa pumzi. Kuwahukumu walioshtakiwa ni kazi ya mahakama. Kazi yetu ni kuuliza ni fundisho gani lililowafanya baba na mama wakabidhi watoto wao.

Fundisho hilo halikuanzia msituni. Linaanza siku muumini anapoambiwa kwamba kumwuliza mchungaji swali ni kumgusa mpakwa mafuta wa Bwana. Linaendelea pale maji ya upako yanapouzwa kwa chupa kama njia ya mkato ya kufunguliwa, bila uanafunzi na bila toba, na pale dawa za hospitali zinapoitwa ukosefu wa imani. Kuna wachungaji wengi waaminifu wanaowaombea wagonjwa kisha wakawapakia kwenye gari kwenda zahanati. Sizungumzii hao.

Matendo ya Mitume, sura ya 17, inawasifu watu wa Beroya kwa sababu walimsikiliza Paulo kwa moyo wote, kisha kila siku wakayachunguza Maandiko waone kama aliyosema ndivyo yalivyo. Paulo huyo alikuwa mtume. Kama yeye alichunguzwa na akasifiwa aliyemchunguza, hakuna nabii wa jana mwenye haki ya kukasirika akiulizwa. Na Yesu, katika ile Yohana 8, aliwaambia wasikilizaji wote wadumu katika neno. Hakumteua mmoja adumu kwa niaba ya wengine.

Basi, ndugu msomaji, lipime kanisa lako. Je, fedha zinasomwa mbele ya waumini? Je, unaweza kuuliza swali kwa sauti mbele ya wenzako? Je, mgonjwa anaruhusiwa kwenda hospitali, na mtoto kwenda shule? Je, aliyehama anasalimiwa, au jina lake limewekewa laana? Na kama una ndugu ambaye ameacha kupokea simu, ameuza shamba na kuhamia porini kwa mhubiri, usisubiri arudi mwenyewe. Nenda umwone, na uende na chifu au polisi. Shakahola ndugu wengine walitoa taarifa mapema, na waliposikilizwa makaburi yalikuwa yamejaa.